Bodi Nzima, Mfumo Mgonjwa

Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo mwaka jana nilikutana na kadi moja ambayo sitaisahau. Ilikuwa kadi ya kabati la mitambo ya mawasiliano, imechomolewa kituo cha mkoani na kuletwa karakana yetu mjini kwa basi, ndani ya boksi la viatu. Fundi wa zamu akaiweka mezani, akaipa umeme, akapitia orodha yote ya vipimo. Nzima. Ikarudishwa. Baada ya wiki mbili hiyo hapo tena, na karatasi imebandikwa: "haifanyi kazi". Ikapimwa. Nzima. Ilipokuja mara ya tatu maneno yakaanza. Fundi wa kituoni hajui kazi, anachomeka vibaya, au labda anatafuta posho ya safari. Jamaa akaandikiwa barua ajieleze.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja wa karakana aliyekuwa karibu kustaafu. Alipanda basi pamoja na kadi, akafika kituoni, akachukua tochi na kumulika ndani ya kabati. Kule nyuma, mahali kadi inapochomekwa, pini moja ilikuwa imepinda kama ndoano. Kadi haikuwa na kosa lolote. Kabati ndilo lililokuwa na kosa, na kabati halisafirishwi kwa basi.

Kwa wiki nzima swali moja lilinisumbua: kwa nini hakuna aliyeweza kuliuliza kabati lenyewe? Lina kompyuta ndani yake, lina maelfu ya nyaya, lakini kumjua mgonjwa ilibidi mzee asafiri na tochi. Nilipoanza kusoma nikakuta kuna watu ambao wamekaa na swali hilo kwa miaka. Makala hii inahusu kazi yao, na nimejaribu kuiandika ili hata wewe wa kitivo kingine uifuate, ingawa pale katikati utahitaji kalamu.

Sindano zilipokosa pa kugusa

Zamani kiwanda kikitaka kujua kama ubao wa saketi umeunganishwa sawasawa, kiliulaza juu ya kitanda cha misumari, yaani mamia ya sindano zenye springi, kila moja ikigusa njia yake ya shaba. Njia iliyokatika ilionekana, shoti ilionekana. Miaka ya 1980 mambo yakabadilika. Chipu zikaanza kubandikwa juu ya uso wa ubao, pini zikasongamana, tabaka za shaba zikaongezeka, na sindano ikakosa pa kugusa.

Mwaka 1985 kampuni kadhaa za Ulaya, Philips ikiwemo, zikaunda kikundi cha kulitafutia dawa tatizo hilo. Wenzao wa Amerika Kaskazini walipoingia, kikundi kikajulikana kama Joint Test Action Group, kwa kifupi JTAG. Wazo lao lilikuwa hili: kama sindano haiwezi kuifikia pini kwa nje, basi iingizwe ndani ya chipu. Mwaka 1990 taasisi ya IEEE ikalipitisha kuwa kiwango namba 1149.1. Ukitumia bodi ya FPGA maabara, ule waya unaopakia programu unapita mlango huohuo. Wengi wetu tunautumia kila semista bila kujua kwamba uliwekwa kwa ajili ya kupima.

Ndani yake ni hivi. Kati ya kila pini na sehemu ya chipu inayofanya kazi kunawekwa chumba kidogo cha biti moja. Vyumba hivyo vimefuatana kama sisi maji yanapokatika hosteli, tunapopanga mstari kutoka kisimani hadi ghorofa ya tatu na kupokezana ndoo. Kila saa inapopiga, kila mtu anampa jirani ndoo yake. Waya wa TDI unaingiza ndoo, TDO unazitoa, TCK ndiyo mapigo ya saa, na TMS inaamrisha sasa tufanye nini. Nyaya nne tu za lazima, na chipu ikiwa na pini mia tano zote utazifikia. Chipu isiyohusika na kipimo inaambiwa ijiweke kwenye BYPASS: mstari wake wote unakuwa mtu mmoja anayepokea na kupitisha.

Shika kalamu sasa. Tuna njia 6 za shaba kutoka chipu A kwenda chipu B. Kuzipima moja moja ni kupoteza muda. Kila njia ipe namba ya biti tatu: 001, 010, 011, 100, 101, 110. Tumeacha 000 na 111 makusudi, maana njia iliyonata kwenye sifuri au kwenye moja ingeleta namba hizo na tungedhani ni nzima. Chipu A itume biti ya kwanza ya namba zote kwa mpigo, chipu B isome. Halafu ya pili, halafu ya tatu. Njia yoyote ikileta namba isiyo yake, umeipata. Kwa njia 1000 unahitaji namba 1002 ukijumlisha zile mbili tulizoacha, na biti 10 zinatoa namba 1024. Kwa hiyo njia elfu moja zinapimwa kwa kutuma mara kumi.

Lakini usishangilie bado. Tuseme njia ya 011 na ya 101 zimegusana, na kwenye saketi hiyo sifuri ikikutana na moja sifuri ndiyo inayoshinda. Zote mbili zitasoma 001. Hiyo si ndiyo namba halali ya njia ya kwanza? Sasa njia ya kwanza nayo imo kwenye shoti au haimo? Hujui. Dawa ni kutuma tena namba zilezile zikiwa zimegeuzwa, moja iwe sifuri na sifuri iwe moja. Njia ya kwanza ikileta 110 safi, haimo. Ikileta 000, imo. Mimi hapa ndipo nilipoanza kuipenda hii kazi, kwa sababu kipimo kinaweza kukuambia kwamba kuna kosa bila kukuambia liko wapi, na kwa fundi anayesubiri na chombo cha kulehemu mkononi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mstari unapokatika

Kiwango cha 1149.1 kinazungumzia chipu na ubao. Kabati lenye kadi ishirini ni habari nyingine. Ukiunganisha kadi zote kwa mstari mmoja wa ndoo, siku fundi akichomoa kadi ya saba mstari umekatika, na kadi nyingine kumi na tisa zimenyamaza. Suluhisho la kawaida ni kuzipa kadi namba, kama vyumba vya hosteli. Zote zinasikiliza waya mmoja, lakini inajibu ile iliyoitwa. Kampuni kama Texas Instruments na National Semiconductor zilitengeneza chipu za kazi hiyo, kila moja kwa utaratibu wake. Mwaka 1995 IEEE ilitoa kiwango cha 1149.5 kwa ajili ya kupima kadi ndani ya mtambo, lakini walioufuata walikuwa wachache na baadaye kikaondolewa.

Kwenye pengo hilo ndipo kilipozaliwa kikundi cha SJTAG, ile S ikisimama kwa mfumo. Ni wahandisi wa kampuni mbalimbali wanaojitolea, wanakutana kwa njia ya simu na intaneti, wanabishana na kuandika. Kazi yao iliingia IEEE kama mradi wa P2654, unaohusu usimamizi wa njia za kuufikia mfumo ili upimwe. Hawakukusudia kuvitupa viwango vya zamani. Shida yao ni kuvifanya viongozane.

Chukua mfano huu. Unataka kusoma joto ndani ya chipu moja iliyoko kadi ya tano. Kwanza uiite kadi ya tano kupitia waya wa kabati. Kwenye kadi, chipu hiyo labda iko nyuma ya swichi inayoongozwa kwa I2C, basi ufungue swichi. Huenda sehemu hiyo ya kadi imezimwa kubana umeme, basi uiwashe. Ndipo uingie kwa JTAG, na ndani ya chipu ufuate ramani ya kufikia kile kipima joto. Hatua ya mwisho ina kiwango chake, 1687 cha mwaka 2014, chenye lugha mbili, ICL inayochora ramani na PDL inayoandika amri. Lakini nani anajua mpangilio wa hatua zote, kutoka juu hadi chini na jibu kurudi? Leo mara nyingi anayejua ni mtu mmoja aliyeandika programu yake mwenyewe, na akihama kampuni anaondoka nayo kichwani.

Kuna la hatari zaidi. Kipimo kile cha njia za shaba hutumia amri ya EXTEST, ambayo inazitenga pini na chipu yake. Wakati huo chipu haitawali tena kinachotoka kwenye pini, bali biti ulizoingiza wewe. Mezani hakuna neno. Kwenye mtambo unaoendelea na kazi, pini hiyo inaweza kuwa inaendesha feni, pampu, au mota. Kwa hiyo swali la "nani ana ruhusa ya kuanzisha kipimo, na mfumo uwe katika hali gani kwanza" ni swali la usalama wa watu.

Ugomvi wa maneno

Nilidhani kikundi kazi cha namna hii kinashinda kikichora saketi. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ni maneno. Mfumo ni nini? Kwa anayeunda chipu, ubao tayari ni mfumo. Kwa wa mitambo ya simu, mfumo ni kabati. Kwa anayetengeneza ndege, kabati zima ni kipande tu. Msipokubaliana hapo, kila ukurasa unaofuata utasomwa kwa njia tatu.

Halafu kuna vitenzi. Katika nyaraka za IEEE, "shall" ni lazima, "should" ni pendekezo, "may" ni ruhusa, na "can" ni uwezo. Kila kimoja kina mahali pake na huwezi kuvibadilisha kwa kuwa umechoka kurudia. Jaribu kuvileta kwetu uone kazi. "Kadi inaweza kuzima saa wakati wa kipimo." Umenielewaje? Kwamba kadi imeruhusiwa kuizima, au kwamba ina uwezo huo, au kwamba jihadhari, huenda ikaizima? Mwenye kuunda kadi atasoma ruhusa. Mwenye kuandika programu ya kupima atasoma onyo. Wote wawili ni watu wenye akili, na siku kadi na programu zitakapokutana hazitaelewana. Kiswahili kina "inaruhusiwa", kina "ina uwezo wa", kina "huenda". Tatizo ni kwamba tukiandika ripoti saa saba usiku tunarusha "inaweza" kila mahali.

Rasimu ikishakamilika hupigiwa kura na kundi la wapiga kura lililojiandikisha. Angalau asilimia 75 ya kura zirudi, na angalau asilimia 75 ya waliosema ndiyo au hapana waseme ndiyo. Anayesema hapana hueleza sababu na nini kibadilishwe, na kikundi kinatakiwa kuishughulikia hoja yake, si kumzomea. Ni kazi ya polepole. Kuna wanaosema ni ya polepole mno, na chipu mpya zinatoka kabla ya koma kukubaliwa. Hoja yao siipuuzi, lakini nikikumbuka ile barua ya kujieleza naona heri ugomvi ufanyike kwenye koma.

Mwaka huu kwenye mradi wetu wa mwisho tuko wanne, na kila mtu ana ubao wake. Kabla hatujagusa solda tuliandika ukurasa mmoja wa makubaliano: nani anawasha nani, kila pini iwe katika hali gani kabla ya kipimo, na tutajuaje kwamba waya kati ya bodi na bodi ni mzima bila kuzitenganisha. Ukurasa huo ulituchukua jioni tatu na ugomvi mmoja mkubwa kuhusu neno "tayari".

Kwa wanaotaka zoezi: una njia 14 kati ya kadi mbili. Zipe namba kwa utaratibu wa hapo juu. Utatuma mara ngapi? (Jibu ni 4.) Kisha tafuta njia mbili ambazo zikipigana shoti, sifuri ikishinda, zitaiga namba halali ya njia ya tatu. Ukimaliza, andika kwa Kiswahili sentensi moja ya kumkataza mtu asianzishe EXTEST mtambo ukiwa kazini, umpe mwenzako wa chumbani aisome, na umwulize ameelewa nini.