Wageni wa Pugu

Kutoka Misugusugu, upande wa kusini-mashariki, viko vilima vya Pugu. Mwaka 1888 walifika huko watawa Wabenediktini wa Ujerumani, ambao desturi yao ni kusali na kufanya kazi. Mwaka 1889, katika vita vya Abushiri, watatu wao waliuawa. Wenzao hawakukata tamaa, wakajenga Peramiho na Ndanda, kusini mwa nchi.

Je, kijana Mwafrika aliyetaka utawa aliingia wapi? Kwa miaka mingi nyumba hizo zilikuwa za watawa wa Ulaya. Mwaka 1957 Hanga ilianzishwa kwa Waafrika. Baadaye Peramiho na Ndanda nazo zikawapokea. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo humo jembe wanashika wote, wala hakuna mgeni.