Maumivu ya mbele ya unyayo na kiatu kinachofaa



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya maumivu ambayo watu wengi huyavumilia kimya kwa miaka. Ni maumivu ya sehemu ya mbele ya unyayo, pale nyuma ya vidole. Wagonjwa wakija kwetu husema, "Nesi, nakanyaga kama kuna kokoto ndani ya kiatu, lakini nikivua sioni kitu." Wengine husema panawaka moto, au vidole vinakufa ganzi wakitoka sokoni.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mwalimu alitujia mara tatu na shida hiyo, na mara zote tatu tukampa vidonge vya maumivu. Alipokuja mara ya nne, mwenzetu mmoja alimwomba avue viatu na kusimama peku sakafuni. Viatu vyake vilikuwa vizuri, vyeusi, vyenye ncha mbele na kisigino kirefu. Tulipokiweka kiatu kando ya mguu tuliona wote kwamba mguu ulikuwa mpana kuliko kiatu. Na mama huyo alikuwa akisimama navyo juu ya saruji tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Vidonge vingefanya nini hapo? Tangu siku hiyo, akija mtu na maumivu ya miguu, tunatazama viatu vyake kwanza.

HABARI YA VIATU VILIVYOKATWA KWA KISU

Sisi wa Tabora ni watu wa nchi ya watembeaji. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, karibu mizigo yote ya njia kuu kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita kwa miguu ya wapagazi, na wengi wao walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Mpagazi alibeba kilo 30 na zaidi, na safari ya kutoka pwani hadi hapa ilichukua kwa kawaida karibu miezi mitatu. Wengi walitembea peku, na penye miiba walivaa makubazi ya ngozi. Nyayo zao zilikuwa ngumu, na vidole vyao vilikuwa na nafasi ya kutanuka.

Huku kwetu alipita pia Daktari Livingstone. Mwaka 1870, huko Manyema, vidonda vya miguu vilimlaza ndani ya nyumba siku 80. Mwishoni mwa Desemba 1871 aliondoka Ujiji pamoja na Stanley kuja huku kwetu. Stanley aliandika kwamba njiani miguu ya mzee huyo ilivimba malengelenge na kutoka damu, na kwamba alikuwa amevikatakata viatu vyake kwa kisu ili apate nafuu. Vilichakaa kiasi kwamba hakuna hata mpagazi mmoja ambaye angekubali kupewa bure. Walifika Kwihara tarehe 18 Februari 1872, na kati ya vitu vilivyokuwa vikimngoja hapo kulikuwa na jozi mbili za viatu imara kutoka kwa rafiki yake wa Uingereza. Aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu jinsi alivyovifurahia. Nyumba aliyokaa Kwihara ingalipo, nje kidogo ya mji, na watu huenda kuitazama.

Tumeleta habari hii kwa sababu kisu kile bado tunakiona. Kila mwaka tunapokea mtu aliyetoboa kiatu chake penye kidole kinachouma. Ukifikia hapo, ujue mguu wako umekwisha kukuambia kwamba kiatu hicho si chako.

KWA NINI PANAUMA?

Mguu mmoja una mifupa 26. Mitano kati yake ni mirefu, na vichwa vya mifupa hiyo mitano ndivyo tunavyokanyagia nyuma ya vidole. Kila unaponyanyua kisigino kupiga hatua, uzito wote wa mwili huhamia hapo. Mama aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani ameongeza kilo 20 juu ya vichwa hivyo vitano, na hurudia hivyo kwa kila hatua kutoka kisimani hadi nyumbani.

Chini ya mifupa hiyo kuna mafuta yaliyo kama godoro. Umri ukienda, godoro hilo hupungua. Kati ya mifupa hupita mishipa ya fahamu. Kiatu chembamba huibana mifupa pamoja, na mishipa ikisagwa kati yake ndipo mtu husikia moto au ganzi, mara nyingi kati ya kidole cha tatu na cha nne. Kisigino kirefu nacho husukuma uzito mbele hata ukiwa umesimama tu. Soli nyembamba huachia kila kokoto lifike kwenye mfupa. Uzito mkubwa wa mwili huongeza mzigo huo.

NAMNA YA KUCHAGUA KIATU

1. Nenda kununua viatu jioni. Mchana kutwa miguu huvimba kidogo, na kiatu kinachotosha asubuhi chaweza kubana jioni.

2. Simama peku juu ya karatasi, mtu mwingine achore mguu wako kwa penseli. Chora miguu yote miwili, maana aghalabu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Weka kiatu juu ya mchoro wa mguu mkubwa. Mchoro ukitokeza pembeni, kirudishe. Karatasi hii inamfaa sana baba anayemnunulia mtoto viatu mjini huku mtoto yuko kijijini.

3. Vaa viatu vyote viwili na usimame. Mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kucheza.

4. Kisigino cha kiatu kisizidi upana wa vidole viwili vya mkono.

5. Kunja kiatu kwa mikono. Kinapaswa kujikunja penye vidole, mahali mguu wenyewe unapojikunja. Kikijikunja katikati kama karatasi, hakitaushika mguu.

6. Bonyeza soli kwa kidole. Iwe nene, na ndani iwe na ulaini kidogo.

7. Kiwe na kamba au mkanda wa kushika mguu, usiteleze mbele na kubana vidole.

8. Tembea nacho dukani. Muuzaji akikuambia kitatanuka chenyewe, usimsikilize. Kiatu kiwe kizuri kwako siku ile ile ya kununua.

VIATU VYETU VYA KILA SIKU

Ndala: Wasomaji wetu wa Nzega wanaotibiwa katika hospitali ya Ndala watatusamehe, hapa tunazisema zile za miguuni. Ni nzuri kwa bafuni. Kwa safari ndefu hazifai, kwa sababu soli ni nyembamba na vidole hujikunja muda wote kuzishikilia zisitoke.

Katambuga: Soli ya tairi haitobolewi na mwiba kwa urahisi, na vidole vina nafasi. Ubaya wake ni ugumu. Mwombe fundi akuongezee mkanda nyuma ya kisigino, na juu ya tairi agandishe sponji ngumu kiasi. Pitisha mkono ndani kila siku kutafuta ncha za misumari.

Raba za mtumba: Mara nyingi raba nzuri ya mtumba humfaa mwenye maumivu kuliko kiatu kipya cha bei ghali. Lakini tazama soli. Ikiwa imelika upande mmoja, itaupinda mguu wako kama ilivyopindwa na mwenyewe wa kwanza.

Skuna na viatu virefu: Mama mwenye maumivu asivivae kila siku. Ikibidi arusini, aende na viatu vya chini, avae vile virefu kwa saa chache, kisha abadilishe.

Viatu vya shule: Wazazi hununua vikubwa ili vikae miaka miwili, au humrithisha mdogo viatu vya kaka yake. Kikubwa mno huteleza na kuchubua, kidogo hupinda vidole vingali vinakua. Mpime mtoto kila muhula.

UKIWA NA MAUMIVU TAYARI

Punguza kutembea na kusimama kwa wiki mbili hivi. Jioni inua miguu juu ya kiti. Waweza kuweka kitambaa cha maji baridi penye maumivu kwa dakika 15. Gawanya mzigo: ndoo ndogo mara mbili ni afadhali kuliko kubwa mara moja.

Fundi viatu aweza kukusaidia kwa kitu kidogo. Mwambie akate kimto cha sponji ngumu au mpira, ukubwa wa sarafu kubwa, akigandishe ndani ya kiatu. Hapa wengi hukosea. Kimto kisiwekwe chini ya mahali panapouma, kiwekwe nyuma yake kidogo, kuelekea kisigino. Hapo huinua mifupa na kuipunguzia mzigo. Kikiwekwa penye maumivu penyewe, kitayaongeza.

Sugu ya unyayo usiikate kwa wembe. Loweka mguu katika maji ya vuguvugu, sugua polepole kwa jiwe, kisha paka mafuta. Usiloweke mguu wenye kidonda wala mguu usio na hisia.

USINGOJE

Mzee mmoja alinunuliwa viatu vipya na wanawe kwa ajili ya arusi. Vilikuwa vinambana, naye hakujua, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeua hisia za miguu yake. Akacheza, akala, akafurahi na wageni. Usiku alipovua, soksi ilikuwa na damu. Alikaa nyumbani wiki tatu akipaka dawa za kienyeji. Alipoletwa kwetu kidonda kilikuwa kimeoza, na vidole viwili vikakatwa. Wanawe walituuliza wakilia, "Mbona hakulalamika?" Hakulalamika kwa sababu hakusikia.

Kwa hiyo mwenye kisukari, na aliyewahi kuugua ukoma, asiyategemee maumivu yamwonye. Atazame nyayo zake kila jioni, au mjukuu amtazamie. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Viatu vipya avivae saa moja tu siku ya kwanza. Viatu vyake vishonwe au kugandishwa kwa gundi, visipigwe misumari.

Nenda kituo cha afya upesi ukiona moja ya haya: kidonda chochote kwa mwenye kisukari, uvimbe na wekundu wenye homa, kidole gumba kilichovimba na kuuma ghafla usiku, ambacho chaweza kuwa ni jongo, maumivu makali ya mfupa mmoja baada ya safari ndefu, maana mfupa waweza kupata ufa, ganzi inayopanda, au maumivu yasiyopungua wiki mbili baada ya kubadili viatu. Na ukienda, nenda na viatu unavyovaa kila siku, hata kama unaona haya kuvionyesha. Vile vya safari tu havituambii kitu.

TUJIULIZE NYUMBANI

1. Ni nani katika familia yetu anayevua viatu mara tu afikapo mlangoni, na je, tumewahi kumwuliza kwa nini?

2. Viatu vya watoto wetu vina nafasi ya kidole gumba mbele?

3. Bibi na babu wenye kisukari, nani anawatazamia nyayo?

Jioni ya leo, baada ya chakula, chukueni karatasi na penseli mchorane miguu. Kazi hiyo haichukui nusu saa.