Mbwa Mkubwa kwa Kaya Yenye Kazi Nyingi: German Shepherd au Ridgeback?

Misimu ya mauzo ya ufuta na korosho huingiza fedha katika kaya nyingi za Nachingwea na Ruangwa. Baadhi ya kaya hizo hufikiria kununua mbwa mkubwa wa kulinda nyumba usiku na kufukuza nguruwe pori na nyani shambani. Kaya ya Kiegei inayoamka alfajiri kwenda kwenye mikorosho, yenye vijana wanaotembea mwendo mrefu kila siku, inaweza kumfaa mbwa mwenye nguvu. Hata hivyo, mbwa huishi miaka kumi hivi, na kosa la siku moja sokoni hulipwa kwa miaka yote hiyo. Somo hili linalinganisha aina mbili, ili mlaji aamue kabla fedha haijatoka mkononi.

Asili na tabia

German Shepherd alianza kuendelezwa kama aina rasmi nchini Ujerumani mwaka 1899, kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Dume huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40. Hujifunza upesi, humfuata bwana wake kwa karibu na hupenda kupewa kazi. Akiachwa amefungwa mnyororo bila shughuli, hubweka ovyo, huharibu vitu na huweza kuwa mkali kwa wageni.

Ridgeback asili yake ni kusini mwa Afrika, ambako mbwa wa Wakhoikhoi walichanganyika na mbwa wa walowezi. Sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Alitumika kumsumbua simba na kumzuia mpaka mwindaji afike. Dume hufikia kilo 36 hivi. Ana mbio na ustahimilivu, lakini hupenda kujiamulia. Akiona mnyama anakimbia, huweza kumfuata na kupuuza wito. Kwa kaya yenye mbuzi na kuku wanaozurura, jambo hili si dogo.

Joto na wadudu

Ridgeback ana manyoya mafupi, hivyo huvumilia jua kuliko mwenzake. German Shepherd ana tabaka mbili za manyoya; huhitaji kivuli, maji ya kutosha na kuchanwa mara kwa mara. Aina zote mbili zifanyishwe kazi alfajiri na jioni. Mbwa anayehema kupita kiasi, anayetokwa na mate mazito na kuyumba ameelemewa na joto: apelekwe kivulini na kumwagiwa maji mwilini mara moja.

Mahali penye mbung'o, mbwa wa aina yoyote huweza kupata nagana. Homa, kukonda na ukungu machoni ni dalili za kumwona daktari wa mifugo bila kuchelewa. Kupe nao huambukiza magonjwa ya damu, hivyo mbwa akaguliwe masikioni na katikati ya vidole kila arudipo kutoka porini.

Gharama isiyoonekana sokoni

Bei ya mtoto wa mbwa ni mwanzo tu. Mbwa wa kilo 35 mwenye kufanya kazi huhitaji kwa siku nguvu inayolingana na ile iliyomo katika karibu nusu kilo ya unga wa mahindi. Kwa mwaka hayo yanakaribia magunia mawili ya kilo 100. Tena unga peke yake hautoshi. Ni lazima apate dagaa, nyama au mabaki yenye protini. Ongeza dawa za minyoo na kupe, na chanjo ya kichaa cha mbwa, inayoanza akiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza.

Kabla ya kulipa

Mwone mtoto wa mbwa akiwa na mama yake, na usimchukue kabla hajatimiza wiki nane. Usitume fedha kwa simu kwa sababu ya picha tu.

Kwa Ridgeback, usidanganywe na mstari wa manyoya mgongoni. Mbwa chotara huweza kuwa nao, na wa asili halisi huweza kuzaliwa bila huo. Daktari apapase shingo na mgongo kutafuta kijitundu chembamba kinachoingia ndani ya ngozi; ni kasoro ya kuzaliwa inayoweza kuleta usaha na kuhitaji upasuaji. Kwa German Shepherd, watazame wazazi wakitembea. Anayeyumba kiunoni au kuinuka kwa shida huenda ana nyonga mbovu, na ubovu huo hurithiwa.

Dai kadi ya chanjo yenye saini ya mtaalamu, pamoja na risiti inayotaja aina, umri na bei. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, lakini malalamiko yasiyo na maandishi ni magumu kuthibitishwa.

Majirani na usalama

Wapo majirani wengi ambao dini yao inahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Jenga banda na uzio mbali na kisima na njia ya msikitini. Usimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa mkubwa. Mtu yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Uamuzi

Kaya yenye mtu wa kumfundisha mbwa kila siku, na inayotaka mlinzi msikivu wa nyumba, imfikirie German Shepherd. Kaya inayotembea sana juani, yenye uzio imara na mkufunzi mvumilivu, imfikirie Ridgeback. Kaya isiyo na muda wala magunia hayo mawili haijapungukiwa kitu: mbwa wa kienyeji aliyechanjwa, kulishwa na kufundishwa hulinda vizuri kwa gharama ndogo.

Maswali ya kujipima

1. Nani katika kaya atamfundisha mbwa kila siku, hata wakati wa mavuno?
2. Chakula chake kitatoka wapi mwezi Februari, akiba inapopungua?
3. Mtaalamu wa mifugo aliye karibu nawe yuko wapi?