Dondoo muhimu: Kiangazi cha Arua na Koboko

Kuanzia Desemba hadi Machi mvua hukatika. Upepo mkavu wa kaskazini-mashariki huleta vumbi; mchana jua huchoma, alfajiri kuna baridi. Jiandae hivi:

• Utabiri: Fuatilia redioni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda (UNMA). Usipande kwa mvua ya kwanza ya kupita.

• Moto: Fyeka nyasi kuzunguka nyumba iliyoezekwa kwa nyasi. Mwagia makaa maji kabla ya kulala, wala usichome shamba wakati wa upepo.

• Afya: West Nile, eneo zilipo Arua na Koboko, imo katika ukanda wa Afrika wa homa ya uti wa mgongo, ambayo huenea zaidi kiangazi. Mtoto akiwa na homa kali, kichwa kikimuuma na shingo ikikakamaa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

• Maji: Visima vikipungua, chemsha maji ya kunywa na ufunike mtungi.

• Muhogo: Anika juu ya turubai, si ardhini. Hifadhi vipande vikivunjika kwa mlio mkavu. Vikipinda, virudishe juani.