SOMO LA MIFUGO: KUJIKUNA KWA PAKA MZEE NA HATARI YA DAWA YA JOSHO

Wananchi wanaofuga paka wanakumbushwa kuwa kujikuna kupita kiasi si sehemu ya uzee wa mnyama huyo, bali ni dalili ya maradhi. Paka huhesabiwa mzee afikapo umri wa miaka 10 hivi. Viungo vyake hukakamaa, akashindwa kujiramba mgongo na kiuno. Manyoya hugandamana, na viroboto hupata maficho.

Kata ya Kansay, wilayani Karatu, inatoa mfano ulio wazi. Wakaazi wake wengi ni wakulima na wafugaji, na paka ndiye mlinzi wa mahindi dhidi ya panya. Katika nyumba za wafugaji hapakosi dawa ya kuogeshea ng'ombe, na mwenye huruma huweza kumpaka paka wake dawa hiyo. Hapo ndipo penye hatari, nayo ni ile ile Bara na Visiwani.

Dawa nyingi za josho, na baadhi ya dawa za viroboto vya mbwa, ni za jamii ya pareto ya viwandani, kama vile pemetrini. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo kama la ng'ombe au mbwa. Paka aliyepakwa hutetemeka, hutokwa na mate, hushikwa na degedege na huweza kufa. Akipatwa na hayo, aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha afikishwe kwa daktari wa mifugo.

Sababu za kujikuna ni nyingi, na kila moja ina tiba yake:

(a) Viroboto. Walio mwilini ni sehemu ndogo tu. Mayai na viluwiluwi vyao vimo katika matandiko na nyufa za sakafu. Nyumba ifagiwe, na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

(b) Utitiri. Huleta magamba na upele masikioni na kichwani.

(c) Choa. Hunyonyoa manyoya kwa mviringo, na huambukiza watu, hasa watoto.

(d) Kidonda kisichopona katika sikio au pua nyeupe. Huenda ikawa saratani iletwayo na jua.

Wadudu wa ngozi wasidharauliwe. Mwaka 1962, katika Kreta ya Ngorongoro, jirani na Karatu, inzi waumao waliwashambulia simba, ambao ni jamaa wa paka, hata wakajaa vidonda, na wengi wao wakafa.

Kwa hiyo, mwenye paka mzee ajikunaye anashauriwa kumwona afisa mifugo wa eneo lake kabla ya kutumia dawa yoyote, na kumtajia umri na uzito wa mnyama. Dawa ambayo lebo yake haikutaja paka, asipakwe paka.