NANI ATACHOTA MAJI? Somo la Mkakati wa Siasa Kutoka Ukambani

Utangulizi

 

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala. Hoja ilikuwa: "Mwanamke ajiepushe na siasa." Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilijitayarisha vilivyo, methali tano mkononi na sauti nimeinoa kwa chai ya tangawizi. Nilipoketi, mvulana mmoja wa upande wa kuunga alisimama, akakohoa kidogo kama mheshimiwa, kisha akauliza swali moja tu: "Bibi Spika, wanawake wote wakienda siasa, nani atachota maji?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walimu nao walicheka. Kengele ikalia kabla sijapata la kujibu, na kura zilipohesabiwa tulikuwa tumeshindwa.

Swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Makala haya ndiyo jibu langu. Nimechelewa, lakini kawia ufike.

Mkakati ni nini?

Kwanza tusichanganye maneno mawili. Mbinu ni namna ya kutenda jambo moja: kuimba vizuri kwenye mkutano, kubandika picha sokoni, kuwapungia watu mkono. Mkakati (wingi wake mikakati, ngeli ya U-I) ni mpango mzima: unataka kufika wapi, una nani, huna nani, na utafanya nini ili unaowakosa waje upande wako. Mwenye mbinu bila mkakati ni kama dereva wa matatu anayepiga honi sana na hajui stendi iliko.

Watu wengi hudhani mtaalamu wa mikakati ya siasa ni mtu wa suti aketiye Nairobi na kompyuta. Nami nilidhani hivyo hadi nilipomuuliza susu wangu likizoni.

Susu na mstari wa maji

Susu ni nyanya yangu, mzaa mama. Nilimkuta akichambua mbaazi, nikamsimulia habari za mjadala na kicheko. Hakucheka. Akasema, "Mjukuu wangu, huyo mvulana hajawahi kupanga foleni ya maji."

Akanieleza. Zamani wakati wa kiangazi, mito yetu hapa Kitui ilipokauka, wanawake walichimba mchanga wa mto hadi maji yatokee. Shimo moja, mitungi mingi. Ilibidi kupanga zamu. Anayejua zamu ndiye anayejua kila boma: nani mgonjwa hawezi kuja, nani ana mtoto mchanga atangulizwe, nani amegombana na nani wasisimame pamoja. Kutoka kwa foleni ile wanawake waliunda mwethya, vile vikundi vyetu vya kusaidiana kazi: leo tunalima kwa huyu, kesho tunachimba mtaro kwa yule.

"Sasa niambie," Susu akaniuliza, "mgombea wa kura hutafuta nini kama si hayo?"

Wenzangu, niliona mwanga. Mstari wa maji ulikuwa daftari la watu kabla ya daftari la wapiga kura.

Njia ilivyofunguliwa

Sisi wa Matinyani tuko katika eneo bunge la Kitui Magharibi, na eneo letu lina historia ya kuringia. Mwaka wa 1974 Kitui Magharibi ilimpeleka Nyiva Mwendwa Bungeni, wakati ambapo wabunge wanawake nchini walihesabika kwa vidole. Kiti kilimponyoka baadaye, akakirudia mwaka wa 1992. Mwaka wa 1995 akateuliwa kuwa Waziri wa Utamaduni na Huduma za Jamii, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Kenya, na mwaka huohuo akaongoza ujumbe wa Kenya katika mkutano mkuu wa wanawake wa dunia huko Beijing. Mwaka wa 2013 alichaguliwa tena, mara hii kuwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kitui. Kutoka 1974 hadi 2013 ni miaka 39!

Katika uchaguzi wa 1992, wanawake waliochaguliwa kuingia Bungeni nchini kote walikuwa sita tu. Hebu hesabu: watatu kati yao walitoka kwetu Ukambani. Nyiva Mwendwa wa Kitui Magharibi, Agnes Ndetei wa Kibwezi kule Makueni, na Charity Kaluki Ngilu wa Kitui ya Kati. Nusu nzima! Huyu wa tatu ndiye nitakayemchambua, maana maisha yake ya siasa ni kitabu kizima cha mikakati, kurasa safi na kurasa zenye madoa.

Funzo la kwanza: Wajue watu wako

Ngilu alizaliwa mwaka wa 1952 huko Mbooni, Makueni. Alifanya kazi ya ukatibu katika Benki Kuu, kisha akaingia biashara. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1992 alikuwa jikoni akiosha vyombo, wanawake wa Kitui wakaja kumwomba asimame. Hao wanawake ndio waliokuwa mtaji wake. Alisimama kwa tikiti ya chama cha upinzani cha DP, akashinda.

Angalia mpangilio wake: watu kwanza, kiti baadaye. Siku hizi wengi hununua kiti cha plastiki cha kukalia jukwaani kabla ya kujua jina la jirani.

Funzo la pili: Kuna kushindwa kwenye faida

Mwaka wa 1997 Ngilu aligombea urais kwa chama cha SDP. Mwaka huo yeye na Wangari Maathai walikuwa wanawake wa kwanza kugombea urais wa Kenya. Kulikuwa na wagombea 15. Ngilu alipata karibu kura 8 katika kila 100 na kushika nafasi ya tano.

Ukitazama kwa haraka utasema ameshindwa vibaya. Lakini mkakati hautazami siku moja. Kabla ya 1997 alikuwa mbunge wa Kitui ya Kati. Baada ya 1997 hapakuwa na meza ya upinzani ambayo ingeandaliwa bila kumwekea kiti. Alishindwa uchaguzi, akapata nafasi ya kusikizwa.

Funzo la tatu: Hesabu, kisha ujue kupisha

Sasa ndugu zangu mnaopenda hesabu, njooni hapa. Mwaka wa 1997 Rais Moi alishinda kwa takriban kura 40 katika kila 100. Kibaki alipata karibu 31, Raila karibu 11, Wamalwa karibu 8, na Ngilu karibu 8. Jumlisha hao wanne: unapata 58. Yaani wengi walimkataa mtawala, na bado akatawala, kwa sababu kila mmoja alichota maji kwa mtungi wake na kuondoka na njia yake.

Hapo ndipo mstari wa maji ulipohitajika. Kuelekea uchaguzi wa 2002, Ngilu, Kibaki na Wamalwa waliketi pamoja na kukubaliana kuwa na mgombea mmoja. Ngilu, aliyekuwa amegombea urais miaka mitano kabla, akapisha. Baadaye kundi la Raila Odinga na Kalonzo Musyoka likajiunga nao, ukazaliwa muungano wa NARC, na Ngilu akawa mwenyekiti wake. Mapema Desemba 2002 Kibaki alipata ajali ya gari, akapelekwa London kutibiwa. Je, kampeni zilikwama? La hasha! Wenzake waliendelea kuzunguka nchi. Tarehe 27 Desemba 2002 Kibaki alipata kura 62 hivi katika kila 100, na KANU iliyotawala tangu uhuru mwaka wa 1963 ikaondoka madarakani.

Wengine huona kupisha ni woga. Mimi nasema hivi: anayepisha kwa sababu ameogopa amepoteza zamu yake. Anayepisha kwa sababu amehesabu ameongeza maji kisimani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Funzo la nne: Ushindi ni mwanzo wa kazi

Januari 2003 Ngilu aliteuliwa Waziri wa Afya. Mwaka wa 2004 serikali ilipunguza malipo: shilingi 10 kwa mgonjwa anayefika zahanati, na shilingi 20 kwenye kituo cha afya. Susu anakumbuka vizuri, kwa sababu shilingi 10 ungeweza kuikosa na bado jirani akakukopesha.

Jambo kubwa zaidi aliloshika, yaani mswada wa bima ya afya kwa wote, lilipita Bungeni mwaka wa 2004, lakini Rais Kibaki hakuutia sahihi. Mpango mzuri bila sahihi ni kama mtungi bila kata. Kutoka 2008 hadi 2013 alikuwa Waziri wa Maji. Ndiyo, umesoma sawasawa, maji yaleyale!

Madoa ya kitabu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hivyo nisimsifu kupita kiasi. Mwaka wa 2007 alimwacha Kibaki akamuunga mkono Raila, akafutwa kazi ya uwaziri. Wapo wanaouita huo msimamo, na wapo wanaouita kuhamahama. Mwaka wa 2013 alishindwa useneta wa Kitui. Akawa Waziri wa Ardhi, na mwaka wa 2015 alikuwa miongoni mwa mawaziri waliotoka ofisini kupisha uchunguzi wa tuhuma za ufisadi. Mwaka wa 2017 wananchi wa Kitui walimchagua gavana. Yeye, Joyce Laboso wa Bomet na Anne Waiguru wa Kirinyaga wakawa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini. Wakati wake kilianza kiwanda cha nguo cha KICOTEC huko Syongila, kilichoshona barakoa wakati wa korona mwaka wa 2020. Mwaka wa 2018 alipiga marufuku biashara ya makaa. Misitu ilishukuru, waliokula kwa makaa walinung'unika. Mwaka wa 2022 alijiondoa katika kinyang'anyiro cha kutetea kiti.

Tujifunze nini? Kwamba kumpenda kiongozi kwa sababu ni mwanamke ni kosa, kama ilivyo kosa kumkataa kwa sababu hiyohiyo. Apimwe kwa kazi.

Na sisi leo?

Hapa ndipo makala yananihusu, na wewe pia. Katiba ya 2010 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Inasema pia kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, sharti ambalo Bunge letu halijatimiza. Mwaka wa 2020 Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, na halikuvunjwa. Hata hivyo maji yanapenya: magavana wanawake walikuwa watatu mwaka wa 2017, mwaka wa 2022 wakachaguliwa saba, akiwemo Wavinya Ndeti wa jirani zetu wa Machakos.

Wengi wetu tutakuwa tumetimiza miaka 18 kufikia uchaguzi wa Agosti 2027. Lakini kura huja siku moja katika miaka mitano. Kabla ya hapo kuna mikutano ya wadi ambapo wananchi huulizwa kisima kichimbwe wapi, zahanati ipate dawa gani, barabara ipi ikwanguliwe. Susu alihudhuria mmoja wa mikutano hiyo. Aliniambia wanaume walikaa mbele na kuongea sana juu ya barabara. Wanawake walikaa nyuma na kunong'ona juu ya maji. Karani aliandika yaliyosemwa kwa sauti.

Aliponiambia hivyo ndipo nilipopata jibu langu.

Hitimisho

Ndugu mpinzani wangu, uliuliza nani atachota maji wanawake wakienda siasa. Nakujibu: siasa ndiyo inayoamua maji yatakuwa kilomita ngapi kutoka nyumbani. Anayebeba mtungi ndiye anayejua umbali huo mgongoni mwake. Basi yeye ndiye anayefaa kuwa mstari wa mbele pale panapoamuliwa, aseme kwa sauti ili karani aandike. Na kisima kikishachimbwa karibu, hata wewe utachota, tena bila kuulizwa.

Naomba mjadala wa marudiano muhula ujao. Ukija, njoo na mtungi.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya mbinu na mkakati kwa kutumia mifano ya shuleni kwenu.
2. "Kupisha si kushindwa." Jadili ukirejelea uchaguzi wa 1997 na wa 2002.
3. Taja jambo moja ambalo ungelisema kwa sauti katika mkutano wa wadi yenu. Ungewaandaa akina nani wakuunge mkono, na kwa nini?
4. Tunga sentensi ukitumia: muungano, mswada, tuhuma, zamu.