Je, ni Kamari au ni Ustadi?

Babangu husema kila mchezo wa kutia sarafu ni kamari tu. Nikaamua kuchunguza mmoja: Eight Ball, mashine ya pinboli iliyoundwa na kampuni ya Bally, Marekani, mwaka wa 1977. Ziliuzwa zaidi ya 20,000.

Unavuta springi, mpira wa chuma unaruka juu, kisha unateremka kwani meza imeinama. Chini kuna mikono miwili midogo. Ukibonyeza kitufe, inaurudisha juu. Shabaha zina namba kama mipira ya puli. Wakicheza wawili, wa kwanza husaka 1 hadi 7, mwenzake 9 hadi 15, halafu namba 8. Mpira ukikuponyoka, mashine hukumbuka ulipofikia. Lakini ukiitikisa ovyo, mikono inazimika!

Bahati ipo, sikatai. Hata New York pinboli ilipigwa marufuku miaka ya 1940, ikidaiwa ni kamari. Mwaka wa 1976 Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani, akitaja kwanza mpira utakapopita. Marufuku ikaondolewa.

Nilipomweleza babangu, alicheka. "Haya, ni ustadi. Na hiyo sarafu ni ya nani?"

Sikuwa na la kusema.